Kupe wa Mlimau

Mlimau wa Mama Pétronille ulifika Masisi ndani ya kopo la mafuta ya msaada. Aliuotesha kwa mbegu kule kambini Kashuga, na siku familia iliporudi nyumbani aliubeba mwenyewe kichwani, huku mumewe Evode akibeba godoro na kulalamika njia nzima. Miaka saba baadaye, kila jirani mwenye mtoto anayekohoa aliujua mlango wake, kwa ajili ya chai ya majani ya mlimau.

Ndiyo maana majani yalipogeuka meusi kama tako la sufuria, alikosa raha. Evode, mchungaji wa ng'ombe tangu utotoni, alikuwa na jibu tayari, akimwita mkewe kwa jina la binti yao.

"Njo majivu ya volkano, Mama Nadine. Inaunguzaka kila kitu. Siku ya posho nitaomba shoka ya jirani yetu Symphorien, nikate ule muti. Pale tutajenga kibanda ya ndama."

"Huyo ndama unamupenda kuliko mimi."

"Ndama hanijibishaka."

Jumamosi, siku ya posho, ilikuwa mbele kwa siku nne. Pétronille alianza kwa kumwamini mumewe: majivu huoshwa. Alichota maji kijitoni, ndoo baada ya ndoo, akaumwagia mti mpaka kitenge kikalowa hadi kiunoni. Ulipokauka, ulikuwa mweusi vilevile.

Kesho yake aliinua macho, akaona jambo lililokuwa mbele yake siku zote. Mti wa avoka, yaani mparachichi, hatua mbili tu pembeni, ulikuwa kijani kibichi. Maharage nayo yaling'aa. Volkano gani hii inayochagua mti mmoja katika uwanja mzima?

Huku kwetu tumezoezwa kungoja mtu wa gari jeupe la shirika la msaada aje atuambie tunaumwa nini. Pétronille hakungoja mtu. Alisugua jani moja kwa kidole gumba. Weusi ulitoka kama masizi, na chini yake jani lilikuwa zima, kijani, ila lilinata kama limepakwa asali.

Mtu aliyekamua ng'ombe miaka thelathini kama yeye anajua kwamba ugonjwa hautafutwi mgongoni. Unageuza sikio. Basi akaligeuza jani kama sikio la ng'ombe, na hao hapo: wadudu bapa wa kahawia, wamejipanga kwenye mshipa wa jani, wameng'ang'ania, wananyonya. Sisimizi wadogo walipanda na kushuka shinani, wakiwapapasa mmoja mmoja na kunywa tone tamu lililowatoka. Tone lililobaki lilidondokea majani ya chini, na juu ya utamu ule ndipo ukungu mweusi ulipoota.

Pétronille alicheka peke yake. Mti wake ulikuwa na kupe, na kupe walikuwa na wachungaji.

Jumamosi Evode aliingia uwanjani na shoka begani. Alimkuta mkewe na beseni la maji ya sabuni na kitambaa, nusu ya mti imeshasafishwa. Shinani alikuwa amefunga kipande cha kitenge kikuukuu, akakipaka grisi nyeusi aliyoiomba kwa dereva wa pikipiki. Sisimizi walifika pale, wakazunguka, wakarudi chini.

"Unavalisha muti mukaba?" Evode akauliza, akikionyesha kile kitenge kilichozunguka shina kama mshipi.

"Wachungaji wamefungiwa njia. Kuja uone ng'ombe yao." Akampa jani, kichwa chini.

Evode alilitazama kwa jicho moja, kisha kwa yote mawili. Akachomeka ukucha chini ya mdudu mmoja, akambandua. Akambandua wa pili.

"Hii ni kupe," alisema polepole, kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake.

"Na weye uko muchungaji."

"Nilete ile dawa ya ng'ombe tupulize?"

"Na chai tutakunywa na sumu? Sabuni inatosha. Shika kitambaa."

Hakushika kitambaa. Aliegemeza shoka kwenye mti wa avoka, akavunja mwiba uani, na tangu saa nane mpaka ng'ombe waliporudi zizini alikuwa akigeuza masikio ya mlimau, tawi kwa tawi, akihesabu kwa sauti kila kupe aliyembandua.

Symphorien alipopita kudai shoka lake, alimkuta juu ya kiti.

"Papa Nadine, ulisema unakata."

"Ngoja kwanza," Evode alijibu bila kugeuka. "Huyu bado ananyonya."