Mtama wa Rangi Mbili

Waliokuwepo dukani Kakuma siku ile ni hawa. Mwenye duka, Msomali mwenye ndevu za hina, ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki. Kocha wetu, Mkongo aliyekuwa akifundisha darasa la nne katika kambi ya wakimbizi. Golikipa wetu, kijana wa kutoka upande wa Torit, Sudan Kusini, na mama yake aliyekuja kununua sabuni. Dada yangu anayenifuata kwa kuzaliwa, aliyeshuka kwenye lori la kutoka Lodwar asubuhi hiyo na kikapu kipya mkononi. Na mimi, winga wa kushoto, niliyekuwa sijafikisha miaka ishirini. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja aliniona, na kwa muda mrefu baada ya hapo sikuweza kumtazama hata mmoja wao usoni.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana, baba kwanza, mama mvua mbili baadaye. Mimi ndiye kifungua mimba. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikawa nasukuma mkokoteni Lodwar, nikibeba mizigo ya wenye maduka. Dada yangu alisuka vikapu vya majani ya mkoma. Wadogo zetu wawili walibaki shuleni, na hilo ndilo jambo pekee nililojivunia kwa haki.

Mpira niliupata jioni, jua likishapoa. Uwanja wetu ulikuwa mchanga mtupu katikati, mpira unazama kama umetupwa kwenye unga. Lakini pembeni, waliposimama watazamaji, ardhi ilikuwa imekandamizwa na miguu yao ikawa ngumu. Hatukuwa na mstari wa chokaa. Mstari ulikuwa vidole vya watu. Nilijifunza kukimbia nikivigusa kidogo tu, akina mama wakivuta watoto wao nyuma na kunitukana, na hivyo ndivyo nilivyokuwa winga. Mtu alinisifu baadaye kwamba nilizaliwa na kipaji cha pembeni. Sikumwambia kwamba nilikuwa natafuta tu pa kukanyaga.

Mwaka 2012 timu yetu ya mtaa ilialikwa Kakuma kucheza na timu ya kambini. Tulifungwa, ila mimi nilicheza vizuri. Tulipokuwa tunapanda lori kurudi, yule kocha Mkongo alinishika bega, akaniita mdogo kwa Kifaransa chake.

"Petit, njoo ucheze kwetu."

Nilimwambia nyumbani mimi ndiye baba. Nisiposukuma mkokoteni siku mbili, moto hauwaki. Siwezi kucheza bure. Akaniuliza kama nataka mshahara, nami nikamjibu kwamba mshahara sijui, nataka chakula cha watoto. Akasema nimpe muda mpaka mgao ujao wa chakula kambini.

Baada ya mgao huo, dereva wa lori aliniletea ujumbe. Nije. Ningelala na kula kwa kocha, na kila mgao ukitoka, gunia la mtama, maharagwe na chupa ya mafuta vingepelekwa Lodwar kwa dada yangu. Niliutangazia mtaa mzima kwamba sasa mimi ni mchezaji wa kulipwa. Niliuacha mkokoteni kwa jirani bila hata kuuliza ataulipia nini.

Anayenilipa ni nani, sikuuliza. Jezi zetu zilikuwa na jina la duka la yule Msomali mgongoni, nami nikaona jibu liko pale. Tajiri ameona kipaji, tajiri analipa. Hakuna aliyeniambia vinginevyo. Gunia lenyewe lilikuwa na maandishi ya msaada, lakini hilo halikuonyesha kitu. Soko lote la Kakuma linauza nafaka ya magunia hayo.

Lazima nieleze kwa nini jibu hilo lilinifaa. Kule Kakuma sisi Waturkana ndio wenye ardhi, lakini shangazi zangu walioishi huko walikuwa wakipeleka kuni kambini, wakifua nguo za wakimbizi, wakirudi na kopo la mtama kichwani. Niliwaona tangu utotoni na nilikuwa nimeapa kwamba mimi sitakula cha mkimbizi. Kulipwa na tajiri ni kazi. Kopo la mkimbizi ni jambo lingine.

Wenzangu waliniita "pro". Nikipita na mpira mtu alipiga kelele, "Mpishe pro, ana familia," na wote wakacheka, nami nilicheka pia, nikidhani ni heshima.

Dada yangu alinitumia ujumbe kwamba mtama una rangi mbili. Mweupe na mwekundu umechanganywa, na mwingine umevunjika. Ukiupika, mweupe unakuwa uji kabla mwekundu haujalainika. Nilimweleza kocha mazoezini, mbele ya wote. Nilimwambia amwambie tajiri wake asitufagilie ghala. Kocha alisema haya, atamwambia. Golikipa aliinama kufunga kamba za viatu, na akazifunga kwa muda mrefu.

Mgao uliofuata, mtama ulifika Lodwar ukiwa umetengwa: mweupe umefungwa kwenye kitambaa chake, mwekundu kwenye chake. Niliona nimejua kudai haki yangu.

Kuna jingine. Mwanzoni mwa mwaka wa uchaguzi, 2013, tulifungwa mechi ambayo nilitaka sana kushinda. Golikipa aliachia mpira rahisi ukampita katikati ya miguu. Nilimfuata hadi golini na kumwambia, kila mtu akisikia, "Wewe hata ukifungwa, mgao wako uko pale pale. Mimi nisipofanya kazi, watoto hawali."

Alikuwa anapangusa vumbi mikononi. "Sawa, pro," akasema, akaenda kuufuata mpira uliokuwa umeingia kwenye miti ya mathenge. Alirudi nao umetobolewa na miiba, na yeye mwenyewe mkono unatoka damu.

Miezi ile mgao ulipunguzwa kambini. Gunia la kwenda Lodwar likawa jepesi, kisha jepesi zaidi. Dada yangu alifikiri tajiri amenichoka. Kwetu, mtu aliyekulisha akianza kuchoka, humwongezei ombi. Unakwenda kumshukuru, ili akiacha, aache kwa wema. Akasuka kikapu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuuza, chenye mistari ya rangi nyeusi iliyochemshwa kutoka kwenye magome, akapanda lori bila kuniambia.

Tulikuwa tumekaa nje ya duka tukinywa soda moja watu watatu, mimi, kocha na golikipa, nilipomwona akija. Alitusalimu, "Ejok," nasi tukaitikia, hata mwenye duka aliitikia, "Ejok-noi," maana ameishi nasi miaka mingi. Kisha dada yangu akasimama mbele yake, akashika kikapu kwa mikono miwili. Hajui Kiswahili kirefu. Alikuwa amekipanga njiani.

"Mzee, sisi ni watoto hatuna wazazi. Umetulisha. Hatuna kitu. Hiki ni asante yetu."

Mwenye duka alimtazama, akatutazama sisi. "Nimelisha nani?"

"Sisi. Chakula ya kila mgao. Ya kaka yangu."

"Dada, mimi nilitoa jezi na mpira mbili. Chakula hapana, wallahi." Hakusema kwa ukali. Alikuwa anamtazama kocha. Dada yangu alikuwa bado amenyoosha mikono, na yule mzee akakisukuma kikapu polepole kikamrudia kifuani. "Siwezi chukua asante ya mtu mwingine."

Nilitaka kucheka, niseme mzee anatania. Kocha aliweka chupa chini.

"Kila nyumba yenye mchezaji inatoa kopo," aliniambia. "Tangu ulipokuja. Nilikuwa naogopa kukwambia, petit. Kama ungelijua, haungekubali."

Bado kulikuwa na nafasi ya kujificha. Ningeweza kusema sikujua. Lakini mama wa golikipa, aliyesimama na mche wake wa sabuni, mwanamke mrefu ambaye sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, alidhani labda nina shaka na hesabu, akataka kusaidia.

"Wanaleta kwangu," akasema. "Mimi nachagua. Ulisema nyekundu haiivi pamoja na nyeupe, ndiyo nikaanza kutenga."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kazi iliyomchosha kidogo tu. Hakukuwa na mwiba ndani yake. Ungekuwepo, ningeweza kukasirika, na hasira ingenifunika. Nilibaki wazi. Nilimfikiria akiwa na ungo jioni, punje moja moja, baada ya kuwapikia wanawe chakula ambacho kimepungua kopo kwa ajili yangu, kwa sababu mimi nimelalamika.

Nikamngoja golikipa. Alikuwa na haki ya kunirudishia neno langu la siku ile, na nadhani ningepona haraka kama angelirudisha. Yeye alimgeukia kocha, akauliza kama mazoezi ni saa kumi au saa kumi na nusu.

Dada yangu hakunitazama. Alivuka ule mlango, akampa yule mama kikapu, na mama akakipokea, akamshika mkono, wakaondoka pamoja kwenda kunywa chai. Alilala kwao usiku huo.

Nilimwambia kocha naacha, narudi kwenye mkokoteni wangu. Alinijibu kwamba kuacha ni kwepesi, lakini nyumba zile zilitoa nafaka ili zione mpira unapita kule kushoto, na zilizokwisha kutoa zitalipwa na nini nikiondoka? Nilikaa hadi ligi ya kambi ilipokwisha. Nilikataa gunia. Asubuhi za mgao nilikodi mkokoteni, nikawa nabeba mizigo ya wakimbizi kutoka kituoni, na kwa nyumba za wachezaji sikupokea kitu. Siku ya kwanza shangazi zangu waliniona nikipita. Mmoja aliniuliza kama mpira umekwisha. Nilimwambia hapana. Hakuuliza tena, ila alinisaidia kusukuma mahali penye mchanga.

Nimesahau kusema juu ya kikapu. Asubuhi dada yangu alipokuwa anaondoka, mama wa golikipa alikitoa nje kikiwa kimejaa mtama. Mweupe mtupu.

"Nilikupa," dada yangu akasema. "Sikukuazima."

"Najua. Lakini chombo hakitoki kwangu kitupu. Siku ingine utakirudisha."

Ikawa hivyo. Kikakaa kwetu Lodwar, juu ya sanduku la nguo, na wadogo zangu walikatazwa kukichezea.

Mwishoni mwa 2013 timu moja ya Kitale ilinichukua, nikalipwa mshahara wangu wa kwanza, wa kweli sasa. Kabla ya Krismasi nilirudi nyumbani, nikakijaza kile kikapu sukari, majani ya chai na mchele, nikapanda lori la Kakuma. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia golikipa, kama dada yangu alivyopanga yake. Yangu hayakupangika. Kila nilipoanza, yalianza na "mimi".

Nyumbani kwao nilimkuta mwanamke nisiyemjua, watoto wake wamelala kwenye kivuli cha mabati. Alisema wenye nyumba walirudi kwao mwezi wa nane, mama, golikipa na wadogo zake, walisikia huko sasa kuna amani na ardhi ya kulima. Nilikwenda dukani kwa Msomali kuuliza zaidi. Watu walikuwa wamejazana mlangoni kwenye redio, wakisikiliza. Vita vilikuwa vimeanza tena Sudan Kusini siku hizo hizo. Kocha alikuwepo. Aliniona na kikapu, akatikisa kichwa kidogo tu. Hakuwa na habari yao yoyote.

Sukari na mchele niliwaachia watoto wa nyumba ile. Yule mwanamke alitaka kubaki na kikapu pia, nikamwambia hicho hapana, na nikaona aibu kumnyima kitu kidogo hivyo.

Dada yangu alikuwa anasuka nilipofika. Aliinua macho kwenye kikapu kabla ya kuyainua kwangu, akachungulia ndani.

"Yule mama amekirudisha kitupu?"

"Hakuwepo. Wamehama."

Alikichukua, akakikung'uta vumbi la njiani, akakirudisha juu ya sanduku.

"Basi bado," akasema.