Mzee Aliyekataa Njia Ife

Habari ya kifo chake ilinikuta barabarani, nimekwama kwenye foleni ya barabara kuu ya 270 huku Maryland, nikitoka Gaithersburg kwenda kazini, mbele yangu lori na nyuma yangu lori. Shoga yangu wa Temple Hills alipiga simu, na kwa namna alivyovuta pumzi kabla ya kusema nikajua kuna jambo. “Dada, ule papa yetu wa milima amekufa,” akaniambia. Nikamuuliza papa yupi, maana kwa Wakongo kila mwanamume mwenye mvi ni papa, na milima kwao ipo mingi. “Wa kule Ecosse! Mwenye kutupitisha juu ya geti!” Basi nikamwona yule mzee wa Uskoti kama amekaa kiti cha pembeni yangu, kofia yake ya sufu imelowa, fimbo mkononi, na mbwa wake ananuka mvua. Wanaonisoma siku zote wanajua kwamba safu hii haina mazoea ya kulia. Leo pia hailii. Nimeumia, ndiyo, lakini zaidi ya kuumia nimepandwa na hasira, na nitaieleza hasira hiyo inatoka wapi.

Tulikwenda Uskoti kwa sababu ya binti yangu, aliyekuwa anahitimu masomo yake huko. Shoga yangu ndiye aliyenisaidia kumlea nilipokuwa nafanya kazi zamu mbili, kwa hiyo hakukuwa na mjadala kuhusu nani atakaa kwenye kiti cha mzazi wa pili. Sherehe ilipokwisha, binti akasema hatuwezi kurudi Marekani tumeona ukumbi na hoteli tu. Akatutafutia mwenyeji wa kututembeza huko kaskazini, kwenye mabonde, kisha yeye mwenyewe akabaki mjini kuagana na wenzake. Ndivyo tulivyojikuta sisi wawili, wanawake wa makamo wenye magoti yanayolia, tumekabidhiwa kwa mzee mrefu aliyekuwa mchunga kondoo maisha yake yote. Kiingereza chake kilikuwa cha kukwaruza, ilibidi nikisikilize kwa macho. Shoga yangu, ambaye kutwa kazini anasikiliza wazee wa Maryland wasio na meno, alimwelewa kabla yangu. Alikuwa amefungasha maandazi, ambayo yeye anayaita mikate, na mzee alipoyaonja alisema kwa hayo yuko tayari kutupeleka hadi upande wa pili wa dunia.

Nilitegemea atuonyeshe mandhari, tupige picha, turudi kwenye supu. Kumbe mzee alikuwa na yake. Alituonyesha mmea ambao kondoo wakiula wanaugua, akatufundisha kutazama rangi ya nyasi ili tujue wapi chini kuna maji na mguu utazama, akatufunga vitambaa usoni usubi walipotuvamia. Halafu njia ikafika kwenye geti la chuma lenye mnyororo na kufuli, na bango la kuonya kuhusu uwindaji. Mimi nikasimama, kama anavyosimama mtu yeyote mwenye akili anayeishi Marekani, ambako bango la namna hiyo ukilipuuza unaweza kujibiwa kwa bunduki. Shoga yangu yeye akafanya alilofundishwa na mama yake. Akajifunga kitenge vizuri, akakohoa kidogo, akapaza sauti kuelekea milima mitupu: “Hodi! Hodi hapa!” Akasubiri. Akaita tena. Mzee akaniuliza rafiki yangu anamwita nani. “Atuwezi ingia mu lupango ya batu bila batuambie karibu,” shoga yangu akasema, nami nikamfasiria mzee kwamba kwetu huingii kwenye eneo la mtu mpaka wenyewe wakukaribishe. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema mwenye eneo hilo haishi hapo, anakuja msimu wa kuwinda kulungu na kuondoka, na kwamba kwa sheria ya nchi yao kila mtu ana haki ya kupita mlimani kwa miguu mradi asiharibu kitu. “Mwambie adabu yake ni nzuri,” akasema. “Lakini waliopaswa kumwitikia wako huko bondeni. Twendeni tukawasalimie.”

Tukapanda geti. Sitaeleza nilivyolipanda, maana nina watoto na baadhi yao wanasoma Kiswahili. Hatukuwa tumefika mbali tukasikia pikipiki ya magurudumu manne inakuja, na juu yake kijana wa kazi wa yule mwenye eneo. Sasa hapa ndipo ninapotaka wasomaji wangu wa huku kwetu wajitazame. Kabla kijana hajazima injini, kabla hajafungua kinywa, mimi na shoga yangu tulikuwa tumeshatoa pasipoti. Mimi yangu nilikuwa nayo kwenye mkoba. Yeye yake ilikuwa kwenye kimfuko alichokishona mwenyewe, kinachofungwa kiunoni chini ya kitenge, pamoja na nakala ya cheti cha uraia, barua ya mwajiri na kadi ya bima. Mlimani! Kwenye mvua, mbele ya kondoo! Kijana wa watu aliangalia zile pasipoti, akaangalia pembeni, akawa mwekundu kama mtu aliyeonyeshwa nguo za ndani. Hakuwa ameziomba. Alikuwa anataka kutuuliza tunaelekea wapi tu.

Mzee ndiye aliyekasirika, na hakumkasirikia kijana. Alitukasirikia sisi. “Rudisheni hizo,” akatuambia. “Hakuna aliyewauliza. Mtu akiuliza mnakwenda wapi, mnamwambia mnakwenda mbele.” Kisha akamgeukia kijana na kumuuliza kama leo kuna mtu anayewinda bondeni. Kijana akasema hapana. “Basi siku njema, na umsalimie mama yako,” mzee akasema, akapiga mluzi kumwita mbwa, akaendelea na mwendo wake. Tukarudisha pasipoti, tukamfuata. Nilikuwa nimeona aibu, na aibu ilikuwa inageuka kuwa kitu kingine nilichokosa jina lake, kwa sababu nilijiuliza ni lini hasa niliacha kuwa mtu anayetembea nikawa mtu anayejieleza.

Huko bondeni kulikuwa na kuta za mawe zinazofika kiunoni, zimeota kuvu, hazina mapaa. Zamani palikuwa kijiji. Mzee alitaja nyumba moja moja: hapa fundi wa viatu, hapa mjane na ng'ombe wake, hapa wazee waliomzaa babu wa babu yake. Alisema waliondolewa wote na mwenye ardhi wa wakati huo, mapaa yakachomwa moto wasipate pa kurudi. Shoga yangu akauliza mwenye ardhi alitaka nini. Kondoo, mzee akajibu, kondoo walikuwa na faida kuliko watu. “Kondoo?” shoga yangu akanigeukia mimi kana kwamba ndimi niliyetoa amri. “Batu bafukuzwe juu ya kondoo?” Yeye ametoka milima ya juu ya Uvira, mashariki ya Kongo. Alishuka milima hiyo amebeba mtoto mgongoni, nyuma yake nyumba ya baba yake inaungua, na katika miaka yote ya urafiki wetu alinisimulia jambo hilo mara moja tu, tena kwa maneno machache kama mtu anayetaja anwani. Akauliza walikwenda wapi. “Wengi kwenu,” mzee akasema. “Marekani.”

Shoga yangu akaingia ndani ya nyumba ya wale mababu wa mzee, kupitia palipokuwa mlango. Nilidhani anataka kukaa apumzike. Akavunja vijiti vya kichaka kigumu kinachoota huko kila mahali, akavikusanya kuwa ufagio, akainama akaanza kufagia. Alifagia kinyesi cha kondoo, akafagia majani, akafika hadi penye jiko la mawe, mvua inanyesha juu ya kichwa chake. Nilipomuuliza anafanya nini alinijibu kwa ukali, “Nyumba ya batu haibaki hivi.” Kwao mgeni anayekuta nyumba ya msiba haijafagiwa hakai kwanza, anashika ufagio. Mzee alivua kofia. Alisimama nje ya ukuta huku maji yanamtiririka usoni, hakuingia mpaka shoga yangu alipomaliza, akanyoosha mgongo, na kumwambia kwa Kiswahili, “Karibu, papa.” Sikumfasiria. Aliingia.

Tulipokaa kunywa chai yake ya chupa ndipo akatuambia ukweli wa kazi yake. Sheria ya kupita ipo, akasema, lakini haina miguu. Mwenye eneo hahitaji kuivunja, anaweka kufuli na bango, anangoja. Watu wanaona usumbufu, wanapita kwingine, magugu yanaifunika njia, na baada ya muda hata ukishinda mahakamani unashinda njia isiyoonekana. Kwa hiyo kila mgeni aliyemwangukia, awe ametoka Japani au Brazili, alimpitisha hapo hapo, juu ya geti lile lile, ili nyayo zisikatike. Nikamwambia, kumbe umetuleta huku tukufyekee magugu? “Ndiyo,” akasema, bila hata chembe ya haya, “na mna miguu mizuri, mizito.” Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini sikuwahi kukutana na mwenyeji aliyeuchukua usemi huo kwa kipimo hicho. Nikacheka hadi chai ikanipalia. Magoti yake yalikuwa yameshaharibika wakati huo, alikuwa akishuka mteremko kwa upande kama kaa, na bado alikuwa anakwenda.

Nimesema nina hasira. Hasira yangu ni kwamba tulirudi huku tukamsimulia kila mtu kisa cha geti, tukawachekesha watu kwenye harusi na vipaimara, halafu mambo yalipobadilika tukasahau tulichofundishwa. Mnajua hali ilivyo sasa, tangu maafisa wa uhamiaji waanze kukamata watu barabarani. Ibada za jioni zimepungua watu. Kuna familia hapa jirani, Alexandria, ambazo zinatuma jirani sokoni. Shoga yangu ana uraia, ana kila karatasi ambayo serikali imewahi kuchapisha, na bado wanawe walimkataza kutoka isipokuwa kwenda kazini. “Mom, please, just stay home,” wanamwambia, naye anawajibu kwa Kiswahili wanachokielewa na hawakisemi. Akatii. Daktari alimwambia wazi kwamba sukari yake inapanda na dawa peke yake haitamwokoa, lazima atembee, la sivyo watakuja kuzungumza naye habari ya mguu. Alikuwa anatembea kila siku njia ya kijitoni, nyuma ya nyumba zao. Akaacha. Pazia likafungwa, viatu vikawekwa juu ya kabati, na mimi, rafiki yake, nilikuwa nikimpelekea matunda na kumwambia avumilie, kana kwamba mguu unasubiri siasa.

Siku ile ya simu alinieleza kwamba binti wa mzee amempigia mwenyewe. Baba yake aliomba jeneza lipelekwe makaburini kama kawaida, lakini baada ya mazishi watu wote wapande geti na waipite njia hadi kijijini. Kufuli bado lipo. Mzee hakulishinda, na sitaki mtu aje kunipamba maneno kwamba alishinda. Malori yananguruma mbele na nyuma yangu, shoga yangu akasema, “Beye batapanda geti na mvua. Miye niko mu salon, na rideaux zimefungwa. Kuja samedi, dada. Vaa bisabato.”

Nilikwenda Jumamosi, nimevaa viatu kama nilivyoamriwa. Mwanawe alisimama mlangoni mwa sebule yenye mapazia yaliyofungwa kumzuia, kijana mrefu, macho yamejaa woga wa kweli, na sina la kumcheka, maana anampenda mama yake. Mama akamshika shavu, akamwambia, “Mguu ni ya nani?” akapita chini ya mkono wake. Tulishuka hadi kijitoni. Njia ilikuwa imeanza kuota nyasi pembeni. Tulipokuwa tunarudi, gari likapunguza mwendo kando yetu, kioo kikashuka, na bwana mmoja akatuuliza kama tunahitaji msaada, kwa ile sauti ambayo sote tunajua haitoi msaada. Mkono wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa tayari ndani ya mkoba. Shoga yangu akaushika akauvuta nje. Akamwambia yule bwana asubuhi njema kwa Kiingereza kizuri, cha polepole, wala hakusimama. Gari lilitufuata kidogo, kisha likachoka.

Nimewaza sana niandike funzo gani, maana mhariri wangu anapenda safu imalizike na funzo. Nimepata moja tu. Haki inaweza kuandikwa kwenye sheria ya nchi, ikapigiwa kura na kuwekwa muhuri, na bado ikafa kwa sababu wenyewe wamekaa ndani wakingoja kuitikiwa karibu. Anayetaka kukunyang'anya hana haja ya kukushika, mradi umejifungia mwenyewe. Kwa hiyo msinitumie ujumbe wa kunionya, nimeshaupata kwa wanangu. Mjitayarishe, mjue haki zenu, mwachie mtu wa kuaminika namba za simu, hayo yote ni busara. Halafu vaeni viatu. Sisi Jumamosi hii tunatoka tena, na shoga yangu ameshawaambia wanawake wa kanisani kwake. Mwenye maswali na atuulize, lakini atuulize huku tunatembea.