Buibui Aliyebeba Pamba

Mwaka 1992 mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga vyumba viwili pale Gitega, Kigali. Mimi kwetu ni Ngara, Tanzania. Yeye ni Mnyarwanda, na alifundisha biolojia katika shule ya sekondari. Darasani alitumia Kifaransa ambacho mimi sikukijua, na Kinyarwanda changu kilikuwa cha kununulia maharage tu, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili, mimi cha kwetu na yeye cha mjini hapo.

Masika ya mwaka ule nilijifungua kabla ya wakati, mimba ikiwa ya miezi saba. Nilipoteza damu nyingi, nikazimia. Nilipozinduka hospitalini, kitanda kilikuwa kimebadilishwa shuka na mume wangu amekaa pembeni, mikono yake ina udongo kwenye kucha. Hakuna aliyeniambia kitu na mimi sikuuliza. Majirani walikuja kunipa pole, wakasema "ihangane", yaani vumilia, wakaenda. Tangu hapo tukaishi kama wageni wawili waliokutana nyumba ya wageni. Asubuhi aliniwekea chai mezani, akaondoka akitembea kwa ncha za vidole.

Jumamosi moja alirudi na beseni la plastiki lililofunikwa kwa kipande cha chandarua.

"Sheri, kuja uone," aliniita, yaani mpenzi, kwa Kifaransa chake.

Ndani, juu ya mchanga, kulikuwa na buibui wa kahawia mkubwa kama sarafu. Nyuma yake ameburuta kitu cha mviringo, cheupe, kama punje kubwa ya ulezi.

"Huyu hategi utando," alisema. "Huyu anakimbiza windo lake kama mbwa. Na hicho ni mfuko wa mayai yake. Ameushona mwenyewe kwa nyuzi, anautembeza popote anapokwenda. Sasa nipe pamba kidogo."

Nilichomoa pamba kwenye mto, nikaiviringa kwa vidole mpaka ikawa donge dogo. Yeye kwa kibanio aliunyofoa ule mfuko wa mayai, akautia ndani ya kasha la kibiriti. Buibui alianza kuzunguka beseni kwa fujo, anapapasa mchanga kwa miguu ya mbele, anarudi alikotoka, anapapasa tena. Mume wangu akamdondoshea donge langu la pamba. Buibui aliligusa, akalikumbatia, akalifunga nyuma yake kwa nyuzi, akaondoka nalo ametulia kabisa.

"Unaona? Hata karatasi angebeba. Hata gamba tupu la konokono. Jumatatu nitawaonyesha wanafunzi, halafu tutaupasua ule mfuko tuhesabu mayai."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu hospitalini, na yeye akacheka kwa sababu mimi nimecheka. Tulikula pamoja jioni ile, naye akanisimulia habari za buibui hadi chakula kikapoa.

Asubuhi, Jumapili, nililitoa beseni uani ili nifagie chumba. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua. Niliporudi na ufagio nilimkuta buibui amepanda ukingoni, kichwa chini, tumbo juu, amelinyanyua lile donge la pamba kwenye jua. Kwa miguu ya nyuma alikuwa akiligeuza taratibu, upande huu, kisha upande ule.

Nilimwita mume wangu. Alikuja na povu la sabuni kidevuni.

"Anafanya nini?"

"Anayapasha joto mayai," alisema. "Ndivyo wanavyofanya, ili yasi…"

Niliketi chini pale pale. Pamba ile niliiviringa mimi, kwa vidole vyangu hivi. Nikacheka nilipoona amedanganyika. Niliona haya mpaka nikashindwa kumtazama buibui, mdudu tu, na nilikuwa nikilia kwa namna ambayo sikulia hospitalini.

"Mrudishie," nilisema.

"Wanafunzi…"

"Mrudishie mayai yake."

Alileta kasha la kibiriti mbio. Buibui hakutaka kuiachia pamba. Aliing'ang'ania, ikabidi kuivuta kwa kibanio mpaka nyuzi zikakatika. Akaanza tena kule kuzunguka na kupapasa. Mume wangu aliuweka mfuko karibu na miguu yake. Aliupita mara ya kwanza. Safari ya pili aliukanyaga, akasimama, akaushika.

Ndipo nikauliza.

"Wangu umemzika wapi?"

Povu lilikuwa limemkaukia usoni. Alikaa chini karibu nami, na nguo zake safi za kanisani.

"Mlimani, kwenye makaburi. Tulikwenda na kaka yangu. Wazee walisema mama asionyeshwe, asije akashindwa kuzaa tena. Nikawatii." Alivuta pumzi. "Kila siku nilitaka kukuambia. Nikaona ukinyamaza, nikasema labda ni afadhali. Nimekuibia, najua."

"Alikuwa nani?"

"Msichana. Nywele nyingi. Nilimshika, sheri. Nilimfunga kwa shati yangu ile ya bluu."

Nilikuwa nimelitafuta shati lile wiki nzima nilipotoka hospitalini, nikamlaumu mfuaji wetu kwamba ameiba, na yule mama hakurudi tena. Hilo nalo likaniingia moyoni siku ile.

Katikati ya wiki mayai yaliiva. Mume wangu alinieleza kwamba watoto hawawezi kutoka peke yao, lazima mama aukate mshono wa mfuko kwa meno, na kwamba mfuko ule ungebaki kwenye kibiriti wote wangekufa humo wakiwa hai na wazima. Alilisema hilo huku ametazama chini. Walipotoka walimpanda mama yao mgongoni, wamebanana tabaka juu ya tabaka, hata hakuonekana rangi. Tuliwaachia kwenye majani nyuma ya choo. Darasani kwake hakupeleka kitu.

Jumapili iliyofuata tulipanda mlimani. Mvua zilikuwa zimesawazisha udongo na majani yameota. Palikuwa na vituta vidogo vidogo vingi, havina misalaba wala majina. Mume wangu alitangulia, akasimama, akarudi nyuma hatua chache, akatazama mikaratusi, akatazama barabara kule chini. Jasho lilikuwa likimtiririka.

"Ni hapa," alisema. Kisha: "Nadhani ni hapa."

"Usiseme nadhani."

Alinitazama.

"Ni hapa."

Nikapiga magoti, nikaanza kung'oa majani.