Mstari wa Palizi

Watu wamenichosha kwa swali moja: eti hiyo shahada yako ya sumaku itatulisha nini? Baba mkubwa ndiye aliyeliuliza kwa sauti kuliko wote. Tangu baba afariki, neno lake ndilo la mwisho nyumbani, na alikuwa amenitafutia kazi ya masijala katika ofisi moja Bariadi mjini. Asubuhi ile angeniletea fomu nisaini, chuo nikiage. Sitaki, nilisema. Nani alinisikiliza?

Tulikuwa Ngulyati kwenye palizi ya pamba, mimi na wanawake wanane mstari mmoja. Mama akaegemea jembe.

"Ng'wanone, mwanangu, hebu nieleze mimi mama yako. Huko chuoni unafanya nini hasa?"

Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikawapanga: wanne watazame barabara, wanne watazame kilima.

"Mstari huu ni utando wa metali, mwembamba kuliko unywele. Nyinyi ni visumaku vyake. Wanaotazama barabara ni moja, wanaotazama kilima ni sifuri. Hivyo ndivyo kumbukumbu inavyoandikwa."

Nikamgusa aliyekuwa mpakani, akageukia barabara. Nikamgusa wa pili.

"Mmeona? Mpaka umesogea, na hakuna aliyehama shina lake. Ndivyo tunavyosafirisha data bila kuzungusha diski."

"Na ukitaka usimame?" mama akauliza.

"Tunachonga kipengo ukingoni mwa utando. Mpaka ukifika pale, unanasa."

"Mwangaluka!" Salamu ya asubuhi ikatoka barabarani.

Baba mkubwa alikuwa ameegesha pikipiki barabarani, fomu mkononi. Wanawake wakamgeukia kwa pamoja, wakapiga magoti kidogo kumwitikia, kama heshima inavyotaka. Kumbukumbu yangu ikafutika yote. Hata maabarani, sumaku kubwa ikisogezwa karibu hufanya vivyo hivyo. Nilikasirika hadi machozi yakanilenga.

Kisha nikamwona mama. Alikuwa mwisho wa mstari, wima, bado anatazama kilima. Kwetu, mwanamke kumpa mgongo kaka wa mumewe anapomsalimia ni zaidi ya utovu wa adabu. Wenzake waliinamisha macho kwenye pamba.

"Shemeji, leo hunioni?" baba mkubwa akauliza.

"Mwangaluka, shemeji," mama akajibu bila kusogeza hata bega. "Nimekusikia. Nitageuka mwanangu akinigusa."

Sikumgusa. Fomu ilirudi mjini bila sahihi yangu.