Vidole Juu ya Kifuniko

Mahubiri yanapoanza, mpiga kinanda wa kanisa hukizima kinanda na kukifunika, lakini vidole vyake huendelea. Hupiga juu ya kifuniko kwa kasi, bila sauti, uso wake ukiwa umetulia kama maji ya mtungini. "Navipasha moto tu, shemeji," humwambia mwalimu wa kwaya, mke wa kaka yake, anayekaa karibu naye kiasi cha kuona kucha zilizokatwa hadi kwenye nyama. Wiki hii wazee wa kanisa wamemwagiza mwalimu amchunguze: akigundulika bado ana moyoni muziki wa roki aliokuwa akiupiga zamani, kinanda atakiacha.

Leo mchungaji ameikamia roki hiyohiyo. "Huwezi kumwimbia Bwana asubuhi, jioni ukaichezea dunia roki!" Vidole vinaongeza mwendo. Kichwa cha mwimbaji wa besi kinaanza kuyumba, kisha mabega ya sauti ya kwanza, kisha safu nzima, wote wamefumba macho kama wanaoomba. Hakuna mwanakwaya anayevitazama vidole, wala hakuna kinachosikika. Mwalimu nywele zinamsimama. Mimbarani, kisigino cha mchungaji kinagonga sakafu sambamba na kidole gumba cha mpiga kinanda, huku mdomo ukizidi kulaani.

Baada ya ibada, mzee wa kanisa anamvuta mwalimu kando. "Haya mwalimu, umesikia chochote?"

Mwalimu anamtazama shemeji yake, anayefuta kinanda kwa kitambaa, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

"Sijasikia kitu, mzee."

Mzee anaitikia kwa kichwa. Anaitikia tena, na tena, kwa mapigo yaleyale, hata baada ya kugeuka na kwenda zake.