Kaa la Chetezoni

Nimefundisha kemia chuo kikuu kwa miaka mingi, na utafiti wangu wote umekuwa juu ya moto: kwa nini kitu kinaungua, na kwa nini kinaungua upesi au polepole. Watu wakiniuliza ni mtaalamu gani aliyenifungulia njia hiyo, huwajibu kwamba ni mama yangu, kwa chetezo chake cha udongo cha kufukizia udi, kule mtaani kwetu Chumbageni, pwani. Wakicheka, nawaacha wacheke. Nimeshazoea.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa darasa la nane, shule ya wasichana. Baba alikuwa amekwisha kusema: nikifaulu mtihani wa mwisho nitakwenda sekondari bara, nikianguka nitawekwa ndani kungoja mume. Dada yangu alikuwa ndani tayari. Nilimwona anavyochungulia njia kwenye upenyo wa dirisha, nikaapa kwamba mimi, hapana.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa kijana wa Kishambaa, shati lake halikosi pasi. Siku moja alitupa swali tujibu kwenye daftari: moto ukifunikwa, unakuwaje? Kitabu kilisema unazimika. Mimi niliandika kwamba inategemea umefunikwa na nini. Ukifukiwa kwa majivu hauzimiki, unakwenda polepole mpaka asubuhi. Akanipigia alama ya kosa kwa wino mwekundu, kubwa, ikavuka mistari mitatu.

Nilisimama. "Mwalimu, hili si kosa. Kwetu kila siku tunafukia moto."

"Kwenu si kitabuni," akasema. "Keti."

"Basi nitauleta uuone mwenyewe."

Asubuhi ya pili nilifukua makaa ya mkoko jikoni, nikayatia pamoja na majivu yake kwenye kopo la maziwa ya unga, nikakaza kifuniko ili nisijimwagie majivu kwenye sare njiani. Sayansi ilikuwa kipindi cha mwisho. Nilipofungua kopo mbele ya darasa, makaa yalikuwa meusi, baridi. Wenzangu walicheka mpaka wakapiga madawati. Mwalimu hakucheka, alisema tu, "Umeona?" Hilo liliniuma zaidi.

Nilimsimulia mama huku nalia kwa hasira. Alikuwa anafukiza nguo kwa udi, na hakuinua hata kichwa.

"Kwenye kopo? Na kifuniko?"

"Ndiyo, mama."

"Basi umeuua wewe mwenyewe. Jifu lapumua, mwanangu, bati halipumui. Udi ukiutia juu ya kaa tupu wateketea mara moja, harufu yote yenda na moshi. Kaa ulitie jifu juu, udi wako wakaa mpaka adhuhuri. Wataka upesi, punguza jifu. Wataka taratibu, zidisha. Huko shule hawawafundishi hilo?"

Hawakutufundisha. Baadaye sana niliandika tasnifu nzima juu ya maneno yale: kwamba hewa inapenya majivu kidogo kidogo, na hewa hiyo ndiyo inayoamua kasi ya moto. Nilitumia mashine za ghali na hesabu kurasa kwa kurasa. Mama alikuwa ameyasema yote bila kuacha kufukiza kanga zake.

Kesho yake nilipita mjini na chetezo mikononi, kaa limefukiwa jifu ndani, mchana kweupe, na wenzangu wakanipigia vigelegele vya kejeli kana kwamba ninapeleka posa. Nilikiweka chetezo kwenye kizingiti cha dirisha la darasa mpaka kipindi cha mwisho, nikakihamishia mezani kwa mwalimu, nikafukua kwa kijiti. Kaa likatokea jekundu. Nikatia ubani, moshi ukalijaza darasa, na safari hii hakucheka mtu.

Wenzangu walipotoka, mwalimu aliniambia kwa sauti ya chini, "Hata mama yangu kule milimani hufukia moto. Najua. Lakini atakayesahihisha mtihani hamjui mama yako wala wangu, na swali hili hupenda kutokea. Andika 'unazimika', ufaulu, uende zako."

"Na kosa uliloniwekea kwenye daftari, utalifuta?"

Akakusanya vitabu vyake, akatoka. Hakulifuta.

Swali lilitokea kweli. Nilimkumbuka dada pale dirishani. Niliogopa, sidanganyi. Neno moja tu na ningekuwa salama. Nikaandika majivu, nikaandika kopo, nikaandika chetezo, nafasi ikaniishia nikapanda na maandishi pembeni mwa karatasi. Kuandika uongo juu ya jiko la mama yangu, sikukubali.

Nilifaulu. Jibu lile walinipa alama ngapi sijui, na sikuwahi kuuliza.

Nilipopewa uprofesa nilimtafuta mwalimu wangu, daftari lile nikiwa nalo kwapani. Nilimkuta mtaa wa Usagara, mji ule ule, mzee, macho yamefifia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamfungulia ukurasa. Aliusogeza karibu na uso, akaipapasa ile alama nyekundu kwa kidole, kisha akaniomba kalamu ili aifute.

Nikalifunga daftari.

"Iache hapo hapo, mwalimu," nikamwambia. "Ndiyo iliyonisomesha."