Plasta ya Soko la Mawaleh

Bibi yangu alinipenda, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya tisini, tunakaa Bawshar. Mama alikuwa na kazi serikalini, hana nafasi, kwa hiyo chanjo yetu ya matubwitubwi alimwachia bibi. Dada yangu alipelekwa kwanza. Mkono ukamvimba, homa ikampanda, akalia siku mbili. Ya tatu akaamka anaruka kamba, lakini bibi alishaingiwa na khofu.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa na miaka tisa, mwembamba mimi, kula kwa kubembelezwa. Teksi ikatushusha soko la mboga la Mawaleh badala ya zahanati. Bibi akanunua mapapai, akanikalisha juu ya kreti tupu, akatoa pamba na plasta mkobani, akanibandika begani.

"Mke mwenzangu," akaninong'oneza, ndivyo alivyozoea kunitania, "mama yako akikuuliza, mwambie imeuma kidogo tu. Mimi siwezi kukuona unateseka."

Nilifurahi, wallahi! Nani anapenda sindano? Mama aliporudi kutoka kazini aliibusu plasta ile.

Haikupita miezi mingi, matubwitubwi yakaingia skuli. Dada alicheza kama kawaida yake. Mimi mashavu yalifura, hata mate yalinishinda kumeza, na sikio la kushoto likawa linavuma mchana kutwa. Bibi akanipaka manjano, akanifunga mtandio. Homa ilipoondoka, mvumo nao ukaisha, na sikio halikusikia tena kitu. Daktari alilipima, akasema ndiyo basi.

Mama aliwaka. Chanjo gani hiyo isiyofanya kazi! Aliwatukana wauguzi wa watu, wasio na kosa lolote. Bibi alikuwa pale pale anachambua mchele. Aliniangalia mara moja, akaendelea kuchambua. Nami nikanyamaza, maana niliusema ule uongo kwa mdomo wangu. Alinibebesha mtoto wa miaka tisa aibu yake, na hakuja kunitua.

Miaka ya elfu mbili nikawa mtu mzima, mama bado hajui. Sikukuu moja bibi, keshazeeka, akaja kuketi karibu yangu, kushotoni. Nilihisi pumzi yake shavuni. Nikadhani anataka kahawa, nikamjazia kikombe. Akanipapasa goti, akanywa, akainuka kwenda kusali.

Dada, aliyekuwa upande wake wa pili, kanitolea macho.

"We, mbona humjibu? Bibi kakutaka radhi! Kasema hukuchanjwa, kakuepusha sindano yeye. Unampa kahawa tu?"

Nikaligusa sikio langu la kushoto. Tangu nilipougua, kila bibi akitaka nimsikie, hakuwahi kukosea: alikaa kuliani kwangu.